Tikka T3x Lite ya .308 kwa kulungu na elki wa Colorado: inatosha, magnamu waachieni wenyewe

Wadau, kila mwaka ikifika mwezi wa saba wa nane hivi swali ni lile lile, watu wameshapata leseni zao za kuwinda huku Colorado ndo wanaanza kuulizana ninunue bunduki gani, kaliba gani (yaani upana wa risasi na ganda lake), na majibu mengi wanayopewa ni ya kutishana tu. Mara elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, bila magnamu (zile kaliba za baruti nyingi) hafi, mara 6.5 Creedmoor ni ya watoto. Mimi natumia Tikka T3x Lite ya .308 Winchester, nimeibeba kwa kulungu na kwa elki, milimani na kwenye baridi, kwahiyo naiongelea kama mtu anayeitumia. Jibu fupi ni kwamba inafaa na hela yako haijapotea, ila ina kasoro na nitazitaja, na kuna watu ambao nisingewashauri waichukue.

Tuanze na wanyama wenyewe maana hapa ndo watu wanachanganya mambo. Kulungu wa milima ya huku, wale wenye masikio makubwa, dume lake linacheza kilo 70 mpaka 110 hivi, ni mnyama ambaye karibu kaliba yoyote ya kuwindia inamtosha. Elki ni habari nyingine. Jike ni kilo 220 hivi, dume kubwa linapita 300, yaani uzito wa pundamilia, bega nene, mifupa minene, na ana roho ngumu, unaweza kumpiga vizuri kabisa ya mapafu na bado akatembea kama hajaguswa kabla hajaanguka. Colorado ndo jimbo lenye elki wengi kuliko yote Marekani, wako kama 280,000, ndo maana watu wanasafiri kutoka majimbo mengine kuja kuwafuata. Sasa mtu anayenunua bunduki moja, sio tatu, anatafuta kitu ambacho hakimchani kulungu vipande na hakimwachi elki anakimbia na jeraha. Hiyo ndo hesabu nzima.

Sheria ya jimbo yenyewe haina masharti magumu. Kaliba isipungue .24 ya inchi, mtutu usipungue inchi 16, risasi iwe ya kupanuka ikiingia mwilini, uzito wa risasi usipungue greni 70 (greni 15 hivi ni gramu moja) kwa kulungu na greni 85 kwa elki, na kwenye yadi 100 iwe bado na nguvu ya futi-pauni 1,000, hicho ni kipimo cha nguvu ya risasi. Kwahiyo kisheria hata .243 Winchester unaenda nayo kwa elki. Mimi nisingeenda nayo. Kuna watu wanawaangusha nayo elki kila msimu ila ni watu wanaojua kusubiri mnyama ageuke ubavu, na wakikosa nafasi nzuri wanarudi nyumbani mikono mitupu bila kinyongo. Mtu wa kwanza kuona elki maishani mwake mikono inatetemeka, hana huo uvumilivu, mpe kitu chenye uzito kidogo.

Wawindaji wengi wa huku wana kanuni yao ya mdomoni, sio sheria, kwamba kulungu anataka futi-pauni 1,000 pale risasi inapomfikia na elki anataka 1,500. Sio sayansi kamili maana mnyama anakufa kwa kutobolewa mapafu na moyo, sio kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi, ila inasaidia kupanga mambo. Risasi ya 6.5 Creedmoor ya greni 143 inatoka mtutuni na kama 2,300, ikifika yadi 400 imeshuka chini kidogo ya 1,500. Ile .308 yangu ya greni 165 inatoka na 2,670 hivi na kwenye yadi 300 bado iko juu ya 1,500. Ukiziangalia hizo namba utaona zimekaribiana mno, kelele zote za mashabiki wa .308 na mashabiki wa Creedmoor zinatokana na tofauti ambayo elki mwenyewe haioni. Creedmoor inapiga teke dogo begani na inakatiza upepo vizuri, .308 inatoboa tundu pana kidogo na risasi zake zipo mpaka kwenye vile vibanda vya vijijini vinavyouza chambo za samaki na kahawa. Mimi nilienda na .308 kwa sababu hiyo ya mwisho na kwa sababu risasi za mazoezi ni rahisi. Imekuwepo tangu 1952, viwanda vyote vinaitengeneza.

Wazee wa huku watakwambia .30-06, na hawajakosea. Hiyo iliingia jeshi la Marekani 1906, inasukuma risasi ya greni 180 kwa futi 2,700 kwa sekunde, imeua elki wengi kuliko hizi za kisasa zote zikijumlishwa kwa jinsi ninavyoona mimi. Na .270 Winchester ya 1925 nayo ni tamu, inakwenda mbali bila kushuka sana, kwa mtu wa kulungu zaidi na elki mara moja moja ningesema chukua hiyo hata usiulize. Kuna na 7mm-08 ambayo watu hawaipi heshima yake, ni ganda la .308 limebanwa shingo, teke lake la upole, na kwa mtu mwenye mwili mdogo ndo ningempa hiyo akaue elki nayo bila wasiwasi.

Sasa magnamu. Nilipoingia duka moja kubwa maeneo ya huku Aurora, sitalitaja, muuzaji akanisikiliza lafudhi tu akajua huyu mgeni, akanitolea .300 Winchester Magnum na kuniambia elki wa milimani bila hii utajuta. Ananiambia habari za yadi 600, mimi namwangalia, yadi 600 ni zaidi ya nusu kilomita jamani, nani alikwambia nataka kumpiga mnyama aliye nusu kilomita? Nikamshukuru nikaondoka. Kuna jamaa yangu Mkongo anayo hiyo kaliba, akanipa niijaribu kwenye uwanja wa shabaha, na kiukweli ni bunduki nzuri ila ina karibu greni 70 za baruti kwenye ganda wakati .308 ina 45 hivi, na hiyo tofauti yote inakuja begani kwako. Yeye mwenyewe nilimwangalia akipiga, kila akikaribia kufyatua anafumba macho na bega linarudi nyuma kabla hata risasi haijatoka. Ukishafikia hapo nguvu ya kaliba haikusaidii chochote, risasi yenye nguvu iliyoingia tumboni ni mateso kwa mnyama na usiku mzima wa kufuata damu kwa tochi. Na bei, boksi la risasi 20 za kuwindia za magnamu linauma, kwahiyo mtu hafanyi mazoezi, kwahiyo hazoei, kwahiyo anaendelea kufumba macho. Ni mzunguko huo huo.

Haya, bunduki yenyewe. Tikka inatengenezwa Finland, mji wa Riihimäki, kiwanda ni cha Sako ambao wako chini ya Beretta ya Italia. T3 ya kwanza ilitoka 2003, hii T3x ni ya 2016, wakabadilisha vitu vilivyokuwa vinalalamikiwa, kile kifuniko cha nyuma ya bolti (chuma unachokivuta kupakia risasi) kilikuwa plastiki sasa ni chuma, lile tundu la kutolea maganda wakalipanua, na kitakoni wakaweka mpira mzuri zaidi. Mtutu wake unafuliwa pale pale zinapofuliwa bunduki za Sako zenyewe ambazo bei yake ni mara mbili au zaidi, na hapo ndo siri ya hii bunduki ilipo, unanunua mtutu wa tajiri umewekewa nguo za maskini. Kiwanda kinaahidi risasi tatu ndani ya inchi moja kwenye yadi 100 na yangu inafanya hivyo na risasi za kawaida za dukani, haichagui sana.

Bolti ndo nilipoipendea. Inateleza kama mlenda, unainua nyuzi 70 tu, kwahiyo mkono haugongi darubini, unaweza kupakia risasi ya pili huku shavu bado liko kwenye kitako na jicho bado linamwona mnyama. Kwa elki hiyo ni muhimu kweli kwa sababu elki unampiga tena kama bado amesimama, husubiri kuona. Triga nayo safi, inakatika ghafla bila kuburuta, na unaipunguza au kuiongeza kwa ufunguo mdogo bila kumpelekea fundi.

Uzito ni kilo 2.9 bila darubini. Ukiwa dukani hiyo namba haikwambii kitu, ila elki wanakaa juu, unaongelea mita 2,700 na kupanda, hewa nyembamba, umebeba maji na chakula na nguo za baridi, hapo kila gramu unaijua kwa jina. Lakini wepesi una bei yake. Bunduki nyepesi inapiga teke zaidi, fizikia haina huruma, na ndo maana kwenye Tikka Lite hii hii nisingechukua .30-06 sembuse .300. Watu wanasema Tikka imewekewa mwili wa urefu mmoja kwa kaliba zote fupi na ndefu kwahiyo bora uchukue .30-06 maana .308 haikupunguzii chochote, na kwa urefu wako sahihi kabisa, hiyo ni kasoro ya kweli, unabeba chuma cha .30-06 bila kuwa nayo. Ila mimi sikuchagua .308 kwa ajili ya urefu, nilichagua kwa ajili ya bega, na kwenye bunduki nyepesi hivi tofauti unaisikia.

Kasoro nyingine. Magazini ni ya plastiki, inaingia risasi tatu tu, na ya ziada bei yake ni ya kukera, unalipa hela ambayo kwa kiboksi cha plastiki haielezeki. Usipoteze ile uliyopewa, ikidondoka kwenye theluji imekwenda. Sefti, kile kizuizi cha kufyatua, nayo ina hatua mbili tu, ukiweka sefti bolti inafunga, kwahiyo ukitaka kutoa risasi chemba lazima utoe sefti kwanza. Sio hatari kama unaelekeza mtutu pazuri, ila mimi ningependa ile ya hatua tatu kama waliyonayo Winchester kwenye Model 70. Bei yake dukani niliyoona inacheza dola mia saba na kitu mpaka mia tisa. Ruger American ni rahisi kuliko hii kwa mbali na inapiga vizuri pia, bolti yake tu ndo ina makwaruzo mpaka uizoee, kama bajeti ni ndogo usione aibu kuichukua, elki hasomi jina la bunduki.

Kitu ambacho watu hawakipi uzito ni risasi yenyewe, nikisema risasi naongelea kile kichwa kinachoruka. Mwaka 1946 kuna Mmarekani anaitwa John Nosler alikuwa Canada anawinda, akampiga mnyama mkubwa wa jamii hii hii ya kulungu, risasi ikavunjikia juu juu kwenye tope na ngozi haikufika ndani. Akarudi nyumbani akabuni risasi yenye ukuta wa shaba katikati, nusu ya mbele inapanuka na nusu ya nyuma inaendelea kutoboa, akaanza kuziuza 1948 na mpaka leo Nosler Partition ipo madukani. Hiyo hadithi ndo jibu la nusu ya maswali ya kaliba. .308 yenye risasi ngumu nzuri inamtoboa elki ubavu kwa ubavu, na .300 yenye risasi laini ya kulungu inaweza ikasambaratikia begani. Mimi natumia za shaba tupu, Barnes za greni 165, hazivunjiki, na hakuna plumbi, yaani yale madini ya risasi, kwenye nyama, kwa mtu mwenye watoto wadogo nyumbani wanaokula hiyo nyama msimu mzima hilo ni jambo la kufikiria. California wenyewe wamepiga marufuku kabisa plumbi kwenye uwindaji tangu 2019. Ubaya wake shaba ni ghali na inataka mwendo kasi ili ifunguke, kwahiyo sio ya kupiga mbali.

Darubini niliyoweka ni Leupold VX-Freedom ya 3 mpaka 9, lenzi milimita 40. Ukimwambia mtu wa siku hizi 9 atacheka, wote wanataka 25, lakini kwenye miti minene asubuhi mnyama akitokea yadi 50 mwenye darubini kubwa anaona manyoya tu hajui ni ya sehemu gani. Nimeiset ipige inchi mbili juu kwenye yadi 100, inagonga katikati kwenye 200, kwenye 300 imeshuka sentimita 20 hivi, na ikifika 400 inakaribia 60. Eneo la mapafu ya elki lina upana wa kama sentimita 35. Kwahiyo mpaka 200 na kitu nalenga tu bila hesabu, nyuma ya bega, theluthi moja kutoka chini, kwenye 300 napandisha kidogo, na zaidi ya hapo nasogea au naacha. Kwa sisi Waislamu kuna na jambo la bismillahi kabla ya kufyatua na kumchinja ukimkuta bado yuko hai, sasa ukimpiga kutoka ng'ambo ya bonde utamfikia saa ngapi?

Kununua kwenyewe, kwa wageni wenzangu. Mwenye grinikadi ananunua kama raia, ila uwe na kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa hivi, sio ile ya zamani. Wenye viza za muda kimsingi hawaruhusiwi isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji, hapo usiende kwa kusikia sikia, pata ushauri wa mwanasheria kwanza maana ukikosea ni kesi ya shirikisho na inagusa makaratasi yako. Unajaza fomu 4473 ya shirikisho ya kununua bunduki, wanakukagua, halafu Colorado tangu Oktoba 2023 unasubiri siku tatu kabla ya kukabidhiwa, kwahiyo usiende kununua ijumaa unataka kuwinda jumamosi. Na kwenye hiyo fomu kuna swali la bangi. Bangi kwenye jimbo hili inauzwa dukani kihalali lakini kwa sheria ya shirikisho anayeitumia haruhusiwi kununua bunduki, na kudanganya pale ni kosa kubwa, vijana hapo muwe makini. Cheti cha mafunzo ya uwindaji kinatakiwa kwa kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949, yaani karibu sote, na ukishakaa jimboni miezi sita mfululizo unahesabika mkazi, leseni ya elki inakuwa chini ya dola mia wakati mtu wa nje anapita mia saba.

Wakenya najua kwenu uwindaji ulifungwa tangu 1977 kwahiyo wengi mnaanzia sifuri, msiogope, walimu wa yale mafunzo wana subira. Na kwa waliokulia kwenye gobore la babu, huku kuna msimu mzima wa magobore mwezi wa tisa, kabla ya bunduki za kawaida, hakuna darubini, na kwa elki kaliba inaanzia .50. Ila hiyo ni rivyuu nyingine.

Nani asichukue hii Tikka ya .308? Mtu anayewinda nyanda za wazi ambako yadi 400 ndo kawaida, huyo akaangalie 7mm Remington Magnum au hata Creedmoor, kwenye bunduki nzito kidogo. Na mwenye mwili mdogo au kijana anayeanza, mtafutieni 7mm-08 kwenye Tikka hii hii, kuna toleo la kitako kifupi. Wengine wote chukueni .308, ile hela mliyookoa kwa kutonunua magnamu nunueni maboksi ya mazoezi na mpige mkiwa mmekaa, mmepiga magoti, mmeegemea mti, sio mezani tu, maana milimani hakuna meza.